Wafichuzi waliopasua mbarika kuhusu dawa haramu katika mbio za baiskeli

KWA miaka mingi mbio za baiskeli za kulipwa barani Ulaya zilitawaliwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: yanayotendeka ndani ya timu hayatoki nje ya timu.

Waendeshaji, madaktari, wakandaji misuli na wakurugenzi walijua ni nani waliotumia dawa za kututumua misuli, zilikotoka na jinsi zilivyofichwa. Karibu wote walinyamaza. Kimya hicho kilipewa jina la omerta, neno la Kiitaliano linaloeleza kiapo cha kutunza siri miongoni mwa magenge ya Mafia.

Wahenga walinena kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Historia ya mchezo huu inathibitisha hivyo. Kashfa kubwa zilizoutikisa hazikufichuliwa na maabara za kupima mkojo na damu pekee. Nyingi zilijulikana kwa sababu ya polisi, waendesha mashtaka na hasa watu wachache waliokuwa ndani na wakaamua kusema. Wengi wao waliadhibiwa kwa kusema ukweli kabla ya waliodanganya kuadhibiwa kwa kudanganya.

Jinsi siri ilivyotunzwa

Timu ya baiskeli hutegemea fedha za mdhamini mmoja au wawili. Mdhamini akijiondoa, kila mmoja hupoteza ajira, kuanzia bingwa hadi fundi wa baiskeli. Kwa sababu hiyo, aliyefikiria kufichua uovu alijua kwamba angewanyima unga wenzake wengi, wakiwemo wasio na hatia.

Aidha, mwendeshaji hawezi kushinda peke yake. Anahitaji wenzake wamkinge upepo, wamletee maji na wamsubiri anapoanguka. Aliyetengwa na msafara hakuwa na mustakabali katika mchezo.

Mwairishi Paul Kimmage aliyaonja hayo mapema. Baada ya kustaafu aligeukia uanahabari, na mwaka 1990 akachapisha kitabu Rough Ride kilichosimulia jinsi dawa zilivyokuwa jambo la kawaida miongoni mwa waendeshaji. Wenzake wa zamani walimwona msaliti. Katika mchezo huo kuna msemo wa Kifaransa kuhusu mtu wa aina hiyo: ametemea mate supu iliyomlisha.

Katika miaka ya 1990 dawa iliyotamba zaidi ilikuwa EPO. Hii ni homoni ambayo kwa kawaida hutengenezwa na figo, na kazi yake ni kuuchochea mwili kuzalisha chembechembe nyekundu za damu zinazosafirisha oksijeni. Anayedungwa EPO ya viwandani hupata pumzi za kupanda milima bila kuchoka haraka, lakini damu yake huwa nzito na moyo huwa hatarini.

Hapakuwa na kipimo cha kuitambua EPO hadi mwaka 2000. Mnamo 1997 Shirikisho la Kimataifa la Mchezo wa Baiskeli (UCI) liliweka kikomo tu: mwendeshaji ambaye chembechembe nyekundu zilizidi asilimia 50 ya damu yake alizuiwa kushindana kwa muda. Timu zilijifunza kutumia maji ya chumvi ya kudungwa mshipani ili kuizimua damu kabla ya wapimaji kufika.

Kipimo kilipopatikana, baadhi ya waendeshaji walirejelea mbinu ya kale. Walitolewa damu yao wenyewe, ikahifadhiwa kwenye jokofu, kisha wakarudishiwa wakati wa mashindano. Hadi leo kuitambua damu ya mtu iliyorudishwa katika mwili wake mwenyewe ni kazi ngumu.

Lugha nayo ilifichwa. Mwamerika Tyler Hamilton ameeleza kwamba yeye na wenzake waliiita EPO kwa jina Edgar, wakicheza na jina la mwandishi Edgar Allan Poe. Nchini Uhispania, mifuko ya damu ya wateja wa daktari mmoja iliandikwa majina ya bandia. Mwitaliano Ivan Basso alikiri mwaka 2007 kuwa yeye ndiye aliyeitwa Birillo, jina la mbwa wake.

Gari la Willy Voet

Ukuta wa kimya ulipata ufa wa kwanza mkubwa Julai 8, 1998. Maafisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari la timu ya Festina karibu na mpaka wa Ubelgiji, siku tatu kabla ya mashindano ya Tour de France kuanza jijini Dublin. Dereva alikuwa Willy Voet, mkandaji misuli wa timu hiyo. Ndani ya gari mlikuwa na shehena ya EPO, homoni za ukuaji na dawa nyingine.

Mwanzoni Voet alidai kwamba dawa hizo zilikuwa zake mwenyewe. Alipogundua kuwa wakubwa wake walikuwa wamemwacha azame peke yake, alieleza yote. Dawa zilikuwa za timu, zilinunuliwa kwa fedha zilizotolewa na waendeshaji wenyewe, na daktari wa timu alihusika.

Mkurugenzi wa timu, Bruno Roussel, alikiri siku chache baadaye na Festina ikatimuliwa Julai 17. Polisi walipozidi kupekua hoteli, waendeshaji waligoma na kuketi barabarani. Hasira yao ililenga msako, wala si dawa. Kati ya waendeshaji 189 walioanza, ni 96 tu waliomaliza.

Nyota wa Festina, Richard Virenque, alikana kwa zaidi ya miaka miwili na akakiri Oktoba 2000 mbele ya mahakama mjini Lille. Voet na Roussel walipewa hukumu zilizoahirishwa. Virenque aliondolewa lawama na mahakama, akatumikia marufuku ya michezo, kisha akarejea na kushangiliwa tena na Wafaransa. Voet, aliyesema kwanza, hakurudi kazini mwake. Mnamo 1999 alichapisha kitabu kuhusu aliyoyaona kwa miaka mingi katika timu mbalimbali.

Waliotengwa barabarani

Uchunguzi wa Festina uliibua pia jina la mwendeshaji aliyesifiwa na wenzake kwa kukataa dawa. Alikuwa Mfaransa Christophe Bassons. Mashindano ya mwaka 1999 yalipewa jina la Tour ya kuzaliwa upya, na Bassons akawa na safu katika gazeti la Le Parisien. Humo aliandika kuwa kasi ya msafara haikuonyesha mabadiliko yoyote.

Lance Armstrong wa Marekani, aliyekuwa akiongoza mashindano hayo baada ya kupona saratani, alimsogelea Bassons wakiwa kwenye baiskeli katika mkondo wa kwenda Alpe d'Huez. Alimwambia kuwa kauli zake ziliudhuru mchezo na kwamba ingekuwa heri arudi nyumbani. Wenzake wa timu hawakumtetea. Siku chache baadaye Bassons alijiondoa, na mwaka 2001 akastaafu.

Zamu ya Mwitaliano Filippo Simeoni ilifika baadaye. Alikuwa ameieleza mahakama ya Italia kwamba Daktari Michele Ferrari alimshauri jinsi ya kutumia EPO. Ferrari alikuwa mshauri wa Armstrong, naye Armstrong akamwita Simeoni mwongo hadharani. Simeoni akamshtaki kwa kumharibia jina.

Julai 23, 2004, Simeoni aliwafuata waendeshaji sita waliokuwa wametangulia mbele ya msafara. Hakuwa tishio kwa yeyote aliyewania ubingwa. Hata hivyo, Armstrong, akiwa amevaa jezi ya manjano ya kiongozi, alimfuata yeye mwenyewe. Waliotangulia walijua kuwa wangekamatwa iwapo Armstrong angebaki nao, hivyo walimsihi Simeoni arudi nyuma. Alirudi huku akitukanwa na baadhi ya wenzake. Armstrong aliigeukia kamera na kupitisha vidole mdomoni kama anayefunga zipu.

Mamilioni ya watazamaji waliiona ishara hiyo. Haikuwa na haja ya mfasiri.

Mkandaji aliyeshtakiwa

Mwaka huohuo wa 2004 wanahabari David Walsh na Pierre Ballester walichapisha nchini Ufaransa kitabu kuhusu Armstrong. Mmoja wa waliozungumza waziwazi alikuwa Emma O'Reilly, Mwairishi aliyefanya kazi ya ukandaji katika timu ya US Postal Service kuanzia 1996 hadi 2000.

O'Reilly alieleza kwamba mwaka 1999 Armstrong alipatikana na chembechembe za dawa aina ya kotisoni. Timu ikaamua kutafuta cheti cha daktari chenye tarehe ya nyuma, kilichodai kuwa dawa hiyo ilikuwa malhamu ya kutibu kidonda cha tandiko. Alieleza pia jinsi alivyotumwa Uhispania kuchukua vidonge, na jinsi alivyoombwa vipodozi vya kufunika alama za sindano mkononi.

Alipoamua kuzungumza, hakuwa na timu wala chama cha kumlinda. Armstrong alimchukulia hatua za kisheria, pamoja na gazeti la Sunday Times la London lililochapisha habari hizo. Mwaka 2006 gazeti hilo lililazimika kumaliza kesi kwa kulipa pauni 300,000. O'Reilly aliitwa mlevi na kahaba.

Betsy Andreu, mkewe Frankie Andreu aliyekuwa mwendeshaji katika timu ya Armstrong, alidhalilishwa vilevile. Yeye na mumewe walitoa ushahidi kwa kiapo kwamba mwaka 1996, katika hospitali mjini Indianapolis, walimsikia Armstrong akiwaambia madaktari dawa alizokuwa ametumia. Armstrong, naye akiwa chini ya kiapo, alikana.

Kwa miaka hiyo yote hoja yake ilikuwa moja: alipimwa mara nyingi na hakuwahi kupatikana na hatia. Ndiyo maana maneno ya waliokuwa ndani yalihitajika.

Manzano na mifuko ya damu

Nchini Uhispania kijana Jesús Manzano wa timu ya Kelme alianguka na kuzirai katika Tour de France ya mwaka 2003 siku ya mkondo wa kwenda Morzine. Mnamo Machi 2004 aliliambia gazeti la AS kwamba timu yake ilikuwa na mpango wa dawa na wa kuongezewa damu, na kwamba siku hiyo alikuwa amedungwa kitu asichokijua. Timu ilikana na wenzake wakamtenga.

Polisi hawakumpuuza. Mei 2006, katika msako ulioitwa Operación Puerto, waliingia katika nyumba zilizotumiwa na Daktari Eufemiano Fuentes jijini Madrid na kupata zaidi ya mifuko 200 ya damu. Kabla tu ya Tour ya mwaka huo kuanza, Ivan Basso na Mjerumani Jan Ullrich, waliopigiwa upatu kushinda, walizuiwa kushiriki.

Hata hivyo, wakati huo Uhispania haikuwa na sheria iliyofanya utoaji wa dawa hizo kwa wanamichezo kuwa jinai. Fuentes alishtakiwa kwa kuhatarisha afya ya umma. Mwaka 2013 alipewa hukumu ya mwaka mmoja iliyoahirishwa, na jaji akaamuru mifuko iharibiwe. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ilimwondolea hatia daktari huyo na kuamuru mifuko ikabidhiwe mashirika ya michezo. Miaka 10 ilikuwa imepita, na muda wa kuwaadhibu wenye damu hiyo ulikuwa umekwisha.

Landis, mwongo aliyesema kweli

Aliyeuangusha ukuta hakuwa mtu safi. Floyd Landis, mwenzake Armstrong wa zamani, alishinda Tour de France ya 2006 na siku chache baadaye akapatikana na homoni ya testosteroni. Alinyang'anywa taji. Kwa miaka kadhaa alikana, akaandika kitabu cha kujitetea na kuwaomba mashabiki michango ya kugharimia kesi.

Mwaka 2010, akiwa hana timu kubwa wala fedha, aliwaandikia maafisa wa mchezo huo barua pepe na kukiri. Aliwataja pia wenzake. Alisimulia jinsi basi la US Postal lilivyosimama kwenye barabara ya milimani mwaka 2004, dereva akijifanya kwamba injini imeharibika, huku ndani waendeshaji wakirudishiwa damu.

Rais wa zamani wa UCI na mrithi wake walimshtaki Landis nchini Uswisi, na mwaka 2012 mahakama huko ikamkataza kuendelea kuwatuhumu. UCI yenyewe ilikuwa imewahi kupokea michango ya fedha kutoka kwa Armstrong, jambo lililowafanya wengi kuuliza ni nani aliyekuwa akimlinda nani.

Tofauti ya Landis na waliomtangulia ni kwamba nchini Marekani maneno yake yaliangukia masikio yenye mamlaka. Wachunguzi wa serikali waliwahoji waendeshaji kwa kiapo. Aliyezoea kuwadanganya wanahabari sasa alikuwa hatarini kufungwa jela kwa kudanganya.

Uchunguzi wa jinai ulifungwa Februari 2012 bila mashtaka, lakini Shirika la Marekani la Kukabiliana na Dawa za Kututumua Misuli (USADA) liliendelea. Oktoba 10, 2012 lilitoa ripoti na ushahidi wa zaidi ya kurasa 1,000. Mashahidi walikuwa 26, wakiwemo waendeshaji 15. Kati yao, 11 walikuwa wenzake Armstrong wa zamani. Ripoti ilieleza hata jinsi mtunza bustani alivyofuata Tour ya 1999 kwa pikipiki akiwa amebeba EPO.

UCI iliikubali ripoti hiyo Oktoba 22, na Armstrong akapoteza mataji yake saba ya 1999 hadi 2005. Januari 2013 alikiri katika mahojiano ya runinga na Oprah Winfrey.

Thawabu na adhabu

Waendeshaji waliokuwa bado wanashindana na wakatoa ushahidi kwa USADA walipigwa marufuku ya miezi sita tu. Wakosoaji walisema hiyo ilikuwa adhabu nyepesi mno kwa watu waliovuna fedha na sifa kwa miaka mingi. Watetezi walijibu kuwa bila nafuu hiyo hakuna ambaye angefungua kinywa.

Landis alitumia sheria ya Marekani inayomruhusu raia kushtaki kwa niaba ya serikali pale fedha za umma zinapotapeliwa. Timu ilikuwa imedhaminiwa na shirika la posta la serikali. Mwaka 2018 Armstrong alikubali kulipa dola milioni 5, na Landis akapata dola milioni 1.1 kati ya hizo. Lakini mapema, mwaka 2012, Landis mwenyewe alikuwa amekubali kurejesha zaidi ya dola 478,000 kwa wafuasi aliowadanganya.

Baada ya hapo sheria zilianza kubadilika. Mwaka 2017 Shirika la Kimataifa la Kukabiliana na Dawa za Kututumua Misuli (WADA) lilizindua njia ya siri ya kupokea taarifa kutoka kwa wafichuzi. Kanuni zake zilizoanza kutumika 2021 zinachukulia kumtisha mfichuzi au kulipiza kisasi dhidi yake kuwa kosa la michezo linaloadhibiwa. Marekani nayo ilipitisha sheria mwishoni mwa 2020 inayowalinda wanaofichua njama hizo za kimataifa.

Uhitaji wa wafichuzi haukuisha. Januari 2019 Johannes Dürr, mwanamichezo wa kuteleza thelujini kutoka Austria, alieleza kwenye runinga ya ARD ya Ujerumani jinsi alivyosaidiwa kubadilisha damu. Wiki chache baadaye polisi walimkamata Daktari Mark Schmidt wa mji wa Erfurt, aliyewahi kuhudumia timu za baiskeli. Waendeshaji Stefan Denifl na Georg Preidler walipigwa marufuku ya miaka minne. Schmidt alifungwa miaka minne na miezi 10 mnamo 2021. Dürr naye, aliyeanzisha yote, alishtakiwa na kuhukumiwa.

Kenya na urithi wa Festina

Kashfa ya gari la Voet inaigusa Kenya kuliko inavyodhaniwa. Ni kashfa hiyo iliyoifanya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki kuitisha kongamano la 1999 ambako wazo la WADA lilizaliwa. Shirika hilohilo ndilo lililoitia Kenya presha hadi Sheria ya Kukabiliana na Dawa za Kututumua Misuli ikapitishwa mwaka 2016, kabla ya Olimpiki za Rio.

Kimya pia si kigeni katika riadha. Mkimbiaji Mathew Kisorio alipopatikana na hatia mwaka 2012 na kuiambia ARD kwamba pufya zilikuwa zimeenea kambini, maafisa wengi walipuuza maneno yake. Idadi ya Wakenya waliopigwa marufuku katika miaka iliyofuata ilionyesha kuwa hakuwa akipayapaya.

Waliosema mapema

Mnamo 2013 Armstrong alikutana na Emma O'Reilly na kumwomba radhi. Gazeti la Sunday Times nalo lilidai kurejeshewa fedha zake na pande hizo mbili zikaafikiana. Lakini miaka ambayo Bassons na Simeoni walipoteza barabarani haikuweza kurejeshwa. Simeoni alitwaa ubingwa wa Italia mwaka 2008, kisha mwaka uliofuata timu yake ikanyimwa mwaliko wa Giro d'Italia, mashindano ambayo Armstrong alikuwa miongoni mwa washiriki.

UCI iliamua kutompa yeyote mataji yaliyotwaliwa kutoka kwa Armstrong, kwa kuwa ilikuwa vigumu kumpata wa kumkabidhi asiyetiliwa shaka. Katika orodha ya washindi wa Tour de France, nafasi ya kwanza kuanzia mwaka 1999, ule ambao Bassons aliambiwa arudi nyumbani, hadi 2005 haina jina.